Mjadala: Je, ni haki abiria wa safari za ndege za saa 18 kulipishwa kwa uzito wa mwili wake?

Mleta mada, Lubumbashi

Ndugu zangu, swali hili limezungumzwa sana hapa Lubumbashi miongoni mwa watu wanaosafiri kwenda Dubai, Guangzhou na Marekani, nami naona linastahili kujadiliwa kwa utulivu. Kampuni za ndege zinaanzisha safari ndefu kuliko zote zilizowahi kuwapo, na katika safari hizo kila kilo inahesabiwa. Je, ni haki abiria apandishwe kwenye mizani na nauli yake ipangwe kwa uzito wa mwili wake? Msimamo wangu nautangaza mapema ili anayetaka kuupinga aupinge: kumpima mtu kwa ajili ya usalama ni halali, kumlipisha kwa mwili wake si halali, na uzito wa kupunguzwa kwanza katika ndege hizo ni ule unaotokana na wingi wa viti.

Tuanze na hesabu, kwa sababu wengi hubishana bila kuitazama. Safari ndefu kuliko zote zisizotua njiani hadi sasa ni ile ya Singapore Airlines kati ya Singapore na New York, kilomita zipatazo 15,300, na abiria hukaa angani zaidi ya saa 18. Ndege inayotumika, Airbus A350-900ULR, inaruhusiwa kuruka ikiwa na uzito usiozidi tani 280, na matangi yake hubeba hadi lita 165,000 za mafuta. Lita moja ya mafuta ya ndege ina takriban kilo 0.8, kwa hiyo matangi yakijaa ni tani zipatazo 132, karibu nusu ya uzito wote. Viti ni 161 tu. Tukimkadiria kila abiria kilo 100 pamoja na mizigo yake, wote kwa jumla ni tani 16. Sasa tuseme kila mmoja wao amezidi makadirio kwa kilo 10: zimeongezeka tani 1.6, sawa na lita 2,000 za mafuta. Si kidogo, lakini upepo wa mbisho ukiichelewesha ndege hiyo kwa nusu saa, mafuta yatakayoteketea yatazidi hayo, wala hakuna abiria atakayedaiwa kwa sababu ya upepo.

Kampuni hiyo ilipata wapi nafasi ya kubeba mafuta yote hayo? Ilipunguza viti. A350-900 zake nyingine za masafa marefu zina viti 253. Hii ya kwenda New York haina daraja la kawaida kabisa. Qantas ya Australia, inayojiandaa kuruka kutoka Sydney hadi London bila kutua, safari inayoweza kufikia saa 22, imeagiza A350-1000 zenye tangi la ziada la lita 20,000 na viti 238, ilhali kampuni nyingine huweka zaidi ya 300 katika ndege ya aina hiyo. Imetenga pia sehemu ambapo abiria atasimama, anyooshe viungo na anywe maji. Kwa hiyo wanaotuambia kwamba hakuna njia isipokuwa kumbana abiria au kumtoza kwa kilo zake hawatuelezi jambo lote.

Ninaowalaumu ni wale wanaouza safari za saa 14 au 17 katika ndege iliyopangwa kama ya safari fupi. Chukueni Boeing 787. Japan Airlines huweka viti vinane kwa safu katika safari zake za kimataifa, lakini kampuni nyingi huweka tisa, na upana wa kiti unabaki kama sentimita 43. Mabega ya mwanaume wa kawaida yanazidi kipimo hicho. Maana yake ni kwamba watatu wakikaa pamoja, wa katikati hukunja mikono kifuani tangu chakula cha kwanza hadi cha mwisho, na anayekaa kando ya njia huinamisha bega lake nje, ambako hugongwa na kila toroli la chakula linalopita. Wala haihitajiki awepo mtu mnene ili hali iwe hivyo. Mnene anapokuwepo, lawama humwangukia yeye, na aliyeamua kuongeza kiti cha tisa hatajwi.

Jambo hili lina upande wa afya pia. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitangaza matokeo ya uchunguzi wake: safari ya saa nne au zaidi huongeza takriban maradufu hatari ya damu kuganda katika mishipa, hasa ya miguu, kwa sababu ya kukaa muda mrefu bila kujongea. Kwa mtu mwenye afya njema hatari hiyo bado ni ndogo, kama mmoja kati ya 6,000, lakini huongezeka kwa wanene, kwa warefu sana na hata kwa wafupi ambao miguu yao haifiki sakafuni vizuri. Kiti kinachomzuia mtu kuinuka bila kuwaamsha wawili humfanya asiinuke.

Kuhusu mizani yenyewe, sina ugomvi nayo. Hapa kwetu, katika ndege ndogo zinazokwenda viwanja vya udongo, abiria hupimwa pamoja na mkoba wake, naye hanuni, kwa sababu katika ndege ya viti 19 makadirio mabaya huua. Huko Charlotte, Marekani, mwezi Januari 2003, ndege aina ya Beech 1900 ilianguka na watu wote 21 wakafa; mitambo ya mkia ilikuwa imerekebishwa vibaya na uzito ulikuwa umezidi upande wa nyuma. Baada ya hapo wakuu wa anga wa Marekani walipandisha wastani wa uzito wa abiria unaotumika katika hesabu. Air New Zealand mwaka 2023 na Finnair mwaka 2024 ziliwapima abiria waliokubali kwa hiari, bila kuandika majina, ili kurekebisha wastani wao. Hilo naliunga mkono. Nisilounga mkono ni lile la Samoa Air, ambayo mwaka 2013 ilianza kutoza nauli kwa kilo ya mtu.

Mchangiaji, Goma

Ndugu mleta mada, nimekusoma kwa heshima, ila hesabu yako inanipa haki mimi kuliko wewe. Mimi ni mwanamke mwembamba, nauza viatu na vitambaa, na kwa kuwa niko Goma nasafiri kupitia Kigali. Begi langu likizidi kilo tatu natozwa dola pale pale, huku jirani yangu anayenizidi kilo 50 akipita bila kuulizwa. Nimewaona mama wenzangu wakifungua mabegi mbele ya kaunta, wakivaa makoti mawili mawili na kujaza soksi mifukoni, kisha begi linapita. Ndege imebeba uzito ule ule. Injini haijui kama kilo imetoka kwenye begi au tumboni. Pia unasema viti vipunguzwe: nani atalipia viti vilivyoondolewa? Ndege isiyo na daraja la kawaida haikutengenezwa kwa ajili yangu.

Mleta mada, Lubumbashi

Mama, nakushukuru. Hoja ya makoti ni ya kweli, nami naikubali: inaonyesha kwamba ada ya mizigo kama inavyotozwa leo ni biashara zaidi kuliko usalama. Dawa yake ni kurekebisha ada hiyo, kwa mfano kwa kuhesabu kwa jumla kilo za mizigo ya wanaosafiri pamoja, badala ya kueneza dhuluma hiyo hadi kwenye miili ya watu. Begi unaweza kulifungua na kuliacha nusu nyumbani, mwili hauachwi. Canada ilishaliamua hili mwaka 2008: mamlaka yake ya usafiri iliagiza kwamba katika safari za ndani mtu ambaye unene wake ni ulemavu asidaiwe nauli ya pili, na Mahakama ya Juu Kabisa ya nchi hiyo ikakataa kusikiliza rufaa ya kampuni za ndege.

Kuhusu bei, umenishika mahali penye ukweli. Viti vikipungua nauli hupanda. Ndiyo maana nasema safari ya moja kwa moja si heshima ambayo sisi tunalazimika kuinunua. Ndege inayokwenda mbali huchoma sehemu kubwa ya mafuta kwa ajili ya kubeba mafuta yenyewe. Ikitua njiani huruka na mafuta machache zaidi, na nafasi ya watu na mizigo huongezeka. Kwetu Afrika jambo hili lina uzito wa pekee kwa sababu viwanja vyetu viko juu, ambako hewa ni nyepesi na mbawa hazipati nguvu ile ile. Addis Ababa iko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na kwa miaka mingi ndege iliyotoka huko kwenda Washington ilitua Dublin kuongeza mafuta, ilhali ile ya kurudi iliweza kuruka bila kutua. Nairobi iko kama mita 1,600, na tangu Oktoba 2018 ndege yake ya kwenda New York huchukua karibu saa 15. Mfanyabiashara wa Goma au wa Lubumbashi anayebadilisha ndege Addis hupoteza saa chache, lakini hutembea, hunyoosha miguu, na kilo zake za mizigo hazipunguzwi.

Ninachotaka tukidai ni kidogo kuliko ulivyodhani. Marekani, Bunge liliagiza mwaka 2018 kwamba vipimo vya chini vya viti viwekwe kisheria, na mwaka 2022 mamlaka ilikuwa bado inakusanya maoni ya umma. Sisi tusisubiri hayo. Mamlaka yetu ya anga huko Kinshasa inaweza kuagiza kwamba tiketi yoyote ya safari inayozidi saa 12 inayouzwa nchini ionyeshe, kabla mtu hajalipa, upana wa kiti na nafasi ya magoti kwa sentimita, mahali pale pale zinapoandikwa kilo za mizigo. Wewe utachagua kiti cha bei nafuu ukijua unachonunua, na mwenye mabega mapana atachagua kingine. Kama unaona agizo hilo litakuumiza wewe mwenye nauli ndogo, nieleze ni kwa njia gani.