Mjadala: Mwenye nguvu akiwa mpole, vita vya angani viishie sare?

Mwanzilishi: Hadithi nyingi za vita vya anga za juu, kati ya sayari, zina muungano tajiri na mpole unaopigana na ufalme wa wababe. Uchumi mara 5, vyombo mara 3, na miaka 10 baadaye mpaka haujasogea. Mwandishi ni mvivu, au inaingia akilini?

Kobole: Inaingia. Topido (bomu linalojiendesha chini ya maji) ya Mark 14 ya Marekani iligharimu kama dola 10,000 kila moja, basi wakati wa amani wakabania majaribio. Vita vikaja 1941: ilipita futi 10 hivi chini ya kina ilichopangiwa. Wakarekebisha, wakagundua kifyatuzi cha sumaku kinalipua mapema. Wakakizima, kumbe pini ya kugonga inajipinda topido ikipiga ubavu kwa pembe mraba. Kosa moja lilificha lingine hadi Septemba 1943. Na hao ndio waliokuwa na viwanda.

Kimya254: Hayo ni ya majini. Angani baridi yenyewe inapoza silaha, mwenye vyombo vingi anashinda, kwisha. Watu wa historia mnapenda kuzungusha.

FundiNgara: Baridi inapoza?! Mkubwa, flaski yako ya chai inakaa moto kwa nini? Ombwe, yaani nafasi isiyo na hewa, kati ya kuta mbili. Chombo angani ni hiyo chai. Joto linatoka kwa mnururisho tu, yaani kama miale: bamba jeusi la nyuzi 27 linatoa wati 460 hivi kwa mita mraba, kila upande. Leza (silaha ya miale ya mwanga) ya megawati 1 yenye ufanisi wa asilimia 30 inakuachia megawati 2.3 za joto. Hiyo ni bamba la mita mraba 2,500. Adui atalitoboa kwa kokoto.

Kimya254: Flaski ya soko la Gikomba inapoa kabla ya saa nne asubuhi. Usinifundishe flaski.

FundiNgara: Hicho ni kizibo, au ile ncha ya kioo chini imevunjika hewa ikaingia. Badilisha.

DadaRongai: Lipandishe bamba hadi nyuzi 727, mita mraba 20 zinatosha.

FundiNgara: Zinatosha bamba, dada, si leza. Leza haivumilii hizo nyuzi, utaweka pampu ya kuhamisha joto, nayo inakula umeme na kuongeza joto lake. Ukibeba barafu, tani 1 ikiyeyuka inameza megajuli 334. Sekunde 145 za kufyatua, basi.

Kobole: Na anayelinda amekalia mwezi wa sayari, wote barafu. Tumerudi kwenye sare.

DadaRongai: Upole wenyewe mmeuruka. Tuseme kila kuchoma mafuta kunakupa kasi sawa na ya moshi unaotoka nyuma. Kuondoka tu, uzito wa kuanzia ni mara 2.7 ya chombo kitupu. Ukitaka kufunga breki ukifika, unachoma mara mbili: 7.4. Ukitaka watu wako warudi nyumbani na kusimama, mara nne: 55. Mbabe anatupa chombo bila breki kigonge, analipa 2.7. Mpole analipa mara 20 kwa kila safari, mara 3 ya vyombo itamsaidia nini?

Kimya254: Wajaze mafuta hukohuko.

DadaRongai: Kwa adui? Atawapa na risiti?

Kimya254: Sawa. Lakini kizibo changu ni kizima, nimekikagua sasa hivi.

FundiNgara: Geuza chupa, angalia chini.