Vivuko vya nyumbu Mto Mara: magari yapangiwe zamu?

Mleta mada: Wakuu, Julai 2025 zilisambaa video za Kogatende, Serengeti: watalii wameshuka kwenye magari, wamejazana ukingoni, nyumbu hawana pa kupita. Naona kila kivuko kiwekewe idadi ya magari, wengine wangoje zamu.

Tanganyika4x4: Zamu haitekelezeki, mkuu. Kundi linaweza kukaa ukingoni masaa matatu likageuka bila hata mmoja kugusa maji. Mgeni aliyepewa saa nne hadi saa tano, nyumbu wakavuka saa sita, utamwambia nini? Kinachoharibu ni kusogea mapema. Magari yakae nyuma kabisa, injini zimezimwa, mpaka wa kwanza waingie majini na msururu uanze kumiminika. Hapo ndipo unasogea, polepole, pembeni ya njia yao. Dereva mmoja akichomoka kabla, wote wanamfuata, vumbi linatimka, nyumbu wanarudi walikotoka.

Mto_Mchanga: Mnaongelea wanakoingilia tu. Ng'ambo je? Gari likiegeshwa wanapotokea, wa mbele wanasita huku wa nyuma wanazidi kusukuma. Inabidi waparamie ukingo ulio wima, ndama wanateleza na kukanyagwa, wengine wanarudi kwa mamba. Mimi ningeanza na vigingi huko, halafu ndiyo tubishane kuhusu zamu.

Narok_Mkaazi: Huku Maasai Mara sheria ya magari 5 kwa simba, chui au duma ipo siku nyingi, na bado utayakuta 20. Tatizo linaanzia kwenye wingi wa vitanda vya wageni kambini. Hifadhi ya jamii ya Olare Motorogi imeweka hema 1 kwa kila ekari 700, kwa hivyo magari ni machache hata kabla askari hajafika. Halafu kuingia hifadhi yenyewe ya Maasai Mara, tangu 2024 mgeni wa nje analipa dola 200 kwa siku, Julai hadi Desemba, na tiketi ni ya saa 12. Mwenye siku moja tu lazima amsukume dereva.

Tanganyika4x4: Hapo umegusa penyewe. Dereva anategemea tipu, hawezi kumbishia mgeni. Faini ipelekwe kwa kampuni, na gari lizuiwe getini msimu mzima.

Mto_Mchanga: Msimu mzima? Kampuni italeta gari jingine kesho yake. Zuia leseni ya kampuni yenyewe.