Laver, Borg na Djokovic: idadi ya mataji inatosha kuwa kipimo?

Mkazi wa Upanga

Wakuu, habari za jioni. Naomba mnisaidie katika ubishi ambao umekaa nyumbani kwetu muda mrefu. Mdogo wangu anashikilia kwamba Novak Djokovic ndiye mchezaji bora wa kiume aliyepata kutokea katika tenisi, kwa hoja moja tu: ana mataji 24 ya Grand Slam (yale mashindano manne makubwa ya kila mwaka), Rafael Nadal ana 22 na Roger Federer ana 20. Baba mdogo hataki kusikia jina lolote ila Rod Laver, na akibanwa hukimbilia kwa Björn Borg, ingawa wote wawili wana mataji 11 kila mmoja. Siulizi nani tunampenda. Nauliza kama ni haki kuhesabu mataji tunapowalinganisha watu waliotenganishwa na nusu karne, na kama si haki, tutumie kipimo gani.

Kamba Mbili

Ndugu, mdogo wako anahesabu vitu visivyofanana. Laver alitwaa mataji yote manne mwaka 1962, kisha akaingia katika tenisi ya kulipwa, na kwa sababu hiyo akafungiwa milango ya mashindano makubwa hadi mwaka 1968, yalipoanza kufunguliwa kwa wachezaji wote. Ilimpotea miaka mitano mizima, tena ile ambayo mchezaji huwa na nguvu zake zote. Aliporudi aliyatwaa tena yote manne mwaka 1969, na tangu hapo hakuna mwanamume mwingine aliyefanikiwa kufanya hivyo ndani ya mwaka mmoja. Djokovic alikaribia sana mwaka 2021, akashinda matatu, kisha Daniil Medvedev akamzuia katika fainali ya la nne, mashindano ya Marekani kule New York.

Hata hivyo, baba mdogo asishangilie mapema. Utaratibu uliomuumiza Laver baadaye ndio uliompunguzia wapinzani mwaka 1962, kwa kuwa Ken Rosewall na Pancho Gonzales walikuwa tayari upande wa kulipwa na hawakuruhusiwa kucheza. Roland Garros, yaani mashindano makubwa ya Ufaransa, ilipofunguliwa kwa wote mwaka 1968, aliyemfunga Laver katika fainali alikuwa Rosewall huyohuyo.

Kuhusu Borg, alicheza mashindano ya Australia mara moja tu, mwaka 1974. Kwa miaka kadhaa ya enzi zake yalifanyika mwishoni mwa Desemba, safari ikiwa ndefu na sikukuu zikiwa zimewadia, hivyo wakubwa wengi wa Ulaya na Marekani waliona heri kubaki nyumbani. Djokovic ana mataji 10 ya Australia. Sioni haki kumkata Borg alama kwa mbio ambazo enzi zake hakuna aliyekuwa akizikimbia.

Kocha wa Watoto

Mimi ningeanza na vifaa. Ninayo raketi ya zamani ya mbao ambayo huwapa wanafunzi wangu wanapoanza kujidai. Uso wake una takribani inchi za mraba 65, wakati raketi zao zinakaribia 100. Mpira ukigonga pembeni kidogo, raketi inajipinda mkononi na mpira unaishia kwenye wavu. Mtoto aliyekuwa akipiga kwa kuzungusha mkono wote anaanza kuusukuma tu ili usitoke. Kisha zikaja kamba za poliesta, ambazo Gustavo Kuerten alizitumia aliposhinda Roland Garros mwaka 1997. Kamba hizo huupa mpira mzunguko mkali, ukapita juu ya wavu kwa nafasi kubwa na bado ukatua ndani ya mstari. Kwa hiyo nguvu ya mapigo tuiache kabisa katika ulinganisho huu.

Kilichobaki ni viwanja. Hadi mwaka 1974, mashindano matatu kati ya manne makubwa yalichezwa kwenye nyasi, na leo ni Wimbledon pekee. Djokovic ameshinda kila moja kati ya hayo manne angalau mara tatu, kwenye nyasi, udongo na sakafu ngumu. Nadal ana rekodi ya kushinda mechi 112 na kupoteza 4 Roland Garros, takwimu ambayo hadi leo naiona kama kosa la uchapaji, lakini 14 kati ya mataji yake 22 yametoka kwenye udongo huo mmoja.

Mama Mikocheni

Naona wanawake wamesahaulika, na kwao jibu liko wazi zaidi. Margaret Court ana mataji 24 na Serena Williams ana 23, lakini 11 ya Court ni ya Australia, wakati ambapo wageni waliofika huko walikuwa wachache. Tazameni nani alikuwa upande wa pili wa wavu. Martina Navratilova na Chris Evert walikutana mara 80, Navratilova akishinda 43, na kila mmoja akamaliza na mataji 18. Hakuna hata moja kati ya hayo lililopatikana kwa kukosekana mpinzani.

Mkazi wa Upanga

Nashukuru, mama. Je, kipimo hicho kinamwachaje Djokovic?

Kamba Mbili

Kinamwacha juu, ila kwa tofauti ndogo: amemfunga Nadal mara 31 na kufungwa 29, Federer mara 27 na kufungwa 23. Hizo ndizo namba ambazo mdogo wako angezitumia badala ya 24. Akijibiwa kwamba ni bahati, amwonyeshe baba mdogo fainali ya Wimbledon ya 2019. Federer anaongoza 8-7 katika seti ya tano, servisi ni yake, ana pointi mbili za ubingwa, yaani akishinda moja tu mechi imekwisha. Ya kwanza anautoa mpira nje. Ya pili anasogea wavuni na Djokovic anampitishia mpira wa kukata uwanja. Kwa jumla Federer alishinda pointi 218 dhidi ya 204, lakini Djokovic alichukua seti zote tatu zilizoamuliwa kwa taibreki, ule mchezo mfupi wa kuamua seti iliyofungana.