Mashine ya kukaanga kwa hewa au blenda? Natafuta mbadala wa vitu vinavyonifelisha breki

MzigoMwepesi
Habarini wakuu. Niko wiki ya saba ya kupunguza mwili, kilo nne na ushee zimeshatoka, mchana nakaa vizuri tu kama mtawa, shida ni vile vitu vyangu vya kujiliwaza, nikivigusa breki zinafeli na kujinyima kote kwa siku nzima kunaenda na maji. Nimeona badala ya kupigana navyo bora nitafute mbadala wenye afya. Hela niliyotenga inatosha kitu kimoja tu, ile mashine ya kukaanga kwa hewa ya moto au blenda yenye mota kubwa ya kusagia matunda yaliyoganda nijitengenezee aiskrimu. Jumamosi naingia dukani. Wenye uzoefu nishaurini ipi. Natanguliza shukrani.

SinaHaraka
Mashine ya hewa. Funga uzi.

KijikoKimoja
Usifunge uzi bwana. Mkuu umeandika yote hayo na hujasema unakula NINI. Vitu vya chumvi au vitamu? Saa ngapi? Peke yako au mbele za watu? Kuna mwenye kisukari hapo nyumbani? Bila hayo unatuuliza ununue kiatu au kofia na hatujui baridi iko wapi.

SinaHaraka
Mi ninayo mwaka wa pili sasa, viazi humo, kuku humo, karoti humo, hata mkate wa jana unarudi kuwa mpya. Viazi vya watu wawili naweka kijiko kimoja cha mafuta, navitikisa kwenye bakuli, basi. Zamani lita ya mafuta ilikuwa inaisha hatujui imeenda wapi, kumbe tumeila.

DadaMizani
Kwenye mafuta nakubali. Gramu moja ya mafuta ni kalori 9, ya wanga 4, kwa hiyo ukipunguza mafuta lazima uone tofauti. Chips za kuzamisha zinacheza kwenye 300 kwa kila gramu 100, hizo za kijiko kimoja ni karibu nusu yake. Ila tusiipe miujiza, ile ni oveni ndogo yenye feni. Mwenye oveni tayari anayo, anakosa tu ule mlio wa tiii ikimaliza.

SinaHaraka
Oveni inachelewa kupata moto dada, njaa haisubiri

MtuWaKochi
Mnazunguka mno. Mbadala, mbadala, mbadala. Acha kula, kwisha. Mimi sukari niliiacha siku moja, Jumatatu asubuhi, mpaka leo.

KijikoKimoja
Na uzi wako wa mwezi jana wa keki ya mtindi uliandikiwa na jirani?

MtuWaKochi
Ile ilikuwa ya wageni.

BabaPacha
Mbadala kabla hujaununua geuza pakiti usome nyuma. Naomba niwasimulie ingawa ni aibu. Mimi ugonjwa wangu ni chokoleti. Mwaka juzi nikiwa kwenye dayati kali nikaona chokoleti isiyo na sukari, nikachukua pakiti tatu, nikapanda basi safari ya masaa matano, nimekaa dirishani. Kipande cha kwanza, tamu kabisa, hujui tofauti. Akili ikaniambia hii haina sukari kwa hiyo haihesabiki. Pakiti ya kwanza ikaisha kabla hatujatoka mjini. Ya pili sikumbuki hata ilivyoisha. Saa moja baadaye nasikia ngurumo, nikadhani ni basi linapanda mlima, kumbe barabara imenyooka na inayonguruma ni tumbo langu. Mama niliyekaa naye akasogeza mkoba wake. Jasho la baridi. Dereva alisimama mara ya kwanza vizuri tu, mara ya pili akanuna, mara ya tatu kondakta akaniambia mzee kaa hapa hapa mlangoni tusisumbuane. Basi nimekaa kwenye ngazi za mlango mtu mzima na familia yangu, nimeshika pakiti tupu, ndo nikapata muda wa kusoma yale maandishi ya nyuma, madogo kama mayai ya chawa, yanasema ukila kupita kiasi unaweza kuharisha. Kitamu chenyewe kinaitwa maltitoli. Pakiti ya tatu nilimpa kondakta. Sijui aliila wapi.

PilipiliHoho
Hahahaha pakiti ya tatu ulimpa KONDAKTA

DadaMizani
Pole sana lakini nimecheka. Maltitoli iko kundi la vitamu vinavyoitwa polioli, utumbo mdogo hauzinyonyi zote, zinazobaki zinavuta maji na kule chini bakteria wanazichachusha, ndo gesi na mbio. Na ile "haihesabiki" si kweli, maltitoli ina kama kalori 2 kwa gramu, sukari 4, halafu mafuta ya chokoleti yako pale pale. Na wale wanaokimbilia chokoleti nyeusi ya 85% wajue kalori zake zinazidi za ile ya maziwa, siagi ya kakao ni nyingi. Faida yake ni ule uchungu, watu wengi vipande viwili vinawatosha.

BabaPacha
Mimi vipande viwili ni salamu tu.

MtuWaKochi
Ndo maana WHO mwaka 2023 walipiga marufuku hivyo vitamu vyote vya bandia.

DadaMizani
Hawakupiga marufuku. Mwezi wa tano 2023 walishauri watu wasitumie vitamu visivyo sukari kama njia ya kudhibiti uzito, wakitaja kina aspatame, sukralosi na stivia. Polioli hazimo kwenye ushauri ule, na wenye kisukari tayari haukuwalenga. Soma kwanza kaka.

MtuWaKochi
Marufuku, ushauri, yote ni kusema usile.

MzigoMwepesi
Samahani wakuu nilikuwa kazini, naona uzi umefika kwenye basi. Kijiko nakujibu. Vya kwangu ni viwili. Cha kwanza krispi za viazi, pakiti kubwa, usiku watoto wakishalala, naanza na bakuli naishia kwenye pakiti yenyewe naramba vidole nikiwinda vile vipande vya chini. Cha pili siagi ya karanga, hii naila kwa kijiko nimesimama mbele ya friji na mlango wake uko wazi, hata taa ya jiko siwashi. Aiskrimu wala sina shida nayo, blenda nilifikiria kwa sababu ya mke wangu, yeye ndo wa vitamu, na yeye ndo mwenye kisukari.

KijikoKimoja
Aaah. Sasa huu ni uzi mwingine kabisa. Unanunua blenda ya kutibu ugonjwa usio wako.

DadaMizani
Na ndizi iliyoganda bado ni ndizi, gramu 100 zina kama gramu 12 za sukari. Ni nzuri kuliko aiskrimu, ina nyuzinyuzi na mafuta karibu hamna, lakini kwa mwenye kisukari inahesabiwa kama tunda lingine lolote, bakuli la ndizi tatu si mchezo. Aongee na anayemtibu kuhusu kiasi, asitegemee sisi.

KijikoKimoja
Halafu mashine ya hewa nayo haikutengenezei krispi. Nimejaribu. Unakata viazi vyembamba kama karatasi, unaloweka vitoe ule wanga, unafuta kimoja kimoja kwa taulo, unaweka humo, feni inavirusha juu, vingine vinaganda kwenye nondo ya moto, pembeni vyeusi katikati vibichi. Dakika arobaini ya kazi nikapata krispi kumi na moja. Nilizihesabu. Mtu anayetaka krispi saa tatu usiku hatakata viazi, atafungua pakiti.

SinaHaraka
Hukuweka kale kawavu juu ya kuvikandamiza

KijikoKimoja
Kawavu gani mbona mimi langu halikuja na kawavu

PilipiliHoho
Mzigo naomba nikuambie kitu kuhusu hiyo siagi ya karanga maana nimeipitia. Vijiko vyangu vilikuwa vinafika sita, na kijiko kimoja cha chakula ni kama kalori 95, piga hesabu. Nikahamia ya lozi, kwamba ina afya. Nikala ya lozi vijiko sita. Nikahamia ule unga wa karanga zilizokamuliwa mafuta unaokoroga na maji, kalori zake ni kama theluthi, nikasema hapa nimeshinda. Wiki mbili sawa. Wiki ya tatu najikuta naula unga mkavu kwa kijiko, unanipalia, nakohoa huku nachota kingine. Ndo nikaelewa mimi si mgonjwa wa karanga, ni mgonjwa wa kile kijiko, kusimama pale gizani. Kila mbadala uliofanana na chenyewe ulinirudisha pale pale kwenye friji. Sasa hivi siweki kopo ndani, nikiitaka naila nje kwa watu, ikiwa imepakwa kwenye mkate, na pale nashiba kama mtu wa kawaida. Ila viazi vya kuchoma badala ya chips mimi vinanifaa kabisa, kwa sababu chips nazipenda tu, hazijawahi kunitawala. Tenganisha hivyo viwili, unachokipenda na kinachokuendesha.

MzigoMwepesi
Kile cha gizani kimenigusa dada.

KijikoKimoja
Na nikuulize bila ubaya, unakula mpaka unaumia? Unaficha makopo? Kama ndiyo na ni mara kwa mara, usiishie kwenye vyombo vya jikoni, kuna wataalamu wa hilo na halina aibu. Kama ni utamu tu na uchovu wa siku, endelea kusoma.

MzigoMwepesi
Kuficha hapana. Kopo liko mezani, mimi ndo nimejificha. Ni uchovu zaidi, ile nusu saa ndo ya kwangu peke yangu.

MlinziWaGeti
Wenye mbwa someni hapa. Kuna siagi za karanga za "bila sukari" zinatiwa kitamu kinachoitwa zailitoli. Kwa binadamu haina neno, kwa mbwa ni sumu, sukari ya damu inashuka ghafla na ini linaweza kufa. Msimlambishe kijiko.

MzigoMwepesi
Sina mbwa mkuu

MlinziWaGeti
Sijakuambia wewe peke yako, wanasoma wengi.

DadaMizani
Kwa upande wa krispi, angalia unachokitafuta ni kalori au ni ule mlio wa kutafuna. Kama ni mlio basi bisi. Watu wanashangaa nikiwaambia gramu 100 za bisi zisizo na mafuta zina kama kalori 390, krispi 530, wanaona ni yale yale. Lakini kikombe kizima cha bisi ni gramu 8 tu! Vikombe vitatu, bakuli la maana, hata 100 hufiki. Gramu 25 za krispi ni 130 na zinaenea kwenye kiganja. Mkono unaingia na kutoka mara hamsini, mdomo unaona umefanya kazi.

MtuWaKochi
Au ale kiazi cha kuchemsha alale.

DadaMizani
Leo umesema la maana bila kujua. Mwaka 1995 Susanna Holt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sydney walilisha watu vyakula 38, kila kimoja kwa kalori sawa, wakapima shibe kwa saa mbili. Mkate mweupe waliupa 100 uwe kipimo, kiazi cha kuchemsha kikaongoza kwa 323, kroasanti ikashika mkia na 47. Kiazi kinasingiziwa sana, kosa ni la kikaango.

MtuWaKochi
Nilijua.

SinaHaraka
Kwa hiyo kiazi + mashine ya hewa = ushindi. Nilisema tangu mwanzo.

PilipiliHoho
Ale kiazi saa moja jioni, chakula cha jioni kizima na mayai au maharage, saa tatu hiyo krispi itapungua sauti. Mimi ulevi wangu wa usiku nusu yake ulikuwa njaa ya mchana, unajinyima kama mtawa halafu unashangaa usiku mtawa katoroka.

MzigoMwepesi
Hapo kwenye mtawa umenipata. Mchana nakula tufaha na mtindi basi. Nimejaribu bisi jana lakini nusu hazikupasuka na zingine zimeungua, sufuria mpaka leo imelowekwa.

BabaPacha
Moto ulikuwa mkubwa. Weka kijiko cha mafuta na punje tatu tu kwanza, zikipasuka hizo tatu mwaga zingine, ondoa motoni kama nusu dakika zote zipate joto sawa, ndo urudishe. Zinapasuka pamoja. Na mfuniko uache upenyo, mvuke usipotoka zinakuwa ngumu kama mpira.

SinaHaraka
Chumvi unaweka kabla au baada?

BabaPacha
Kabla, kwenye mafuta.

KijikoKimoja
Kabla inatoboa sufuria! Baada, na iwe imesagwa laini, ya mawe inadondoka yote chini.

BabaPacha
Sufuria yangu ina miaka tisa haijatoboka.

MlinziWaGeti
Bisi mbwa anaweza kula kidogo kama hazina chumvi na siagi

SinaHaraka
Mzigo, Jumamosi ndo kesho. Mashine unachukua au huchukui?

MzigoMwepesi
Mke wangu kasoma uzi wote. Anasema blenda anaitaka bado, ya supu. Na kopo la siagi ya karanga kaenda nalo kazini kwake asubuhi bila kuniaga.

PilipiliHoho
Huyo mke mtunze.

BabaPacha
Ganda la bisi limenikwama kwenye fizi tangu jana kwa ajili ya huu uzi. Mwenye njia ya kulitoa?