Deskitopu 38 za msaada: tuanzie wapi kabla ya kuzigawa?

mtoni_kijichi

Wakuu, habari za jioni. Kikundi chetu huku Mbagala kimepewa deskitopu 38 na ofisi iliyobadilisha vifaa vyake. Zinatakiwa zifike shule mbili za sekondari za kata na kituo kimoja cha watoto wenye ulemavu.

Zilivyo: 22 ni Dell OptiPlex 7010, 9 ni OptiPlex 3020, na 7 ni mchanganyiko. Mbili kati ya hizo 7 zimetoka Marekani na nyaya zake za plagi bapa. Nyingi zina RAM (kumbukumbu ya muda) ya GB 4, fimbo moja. Diski ni GB 500, zile za kuzunguka. Windows 10 imo lakini inajikokota. Monita ziko 31. Fedha ya kuweka SSD, zile diski za kasi zisizozunguka, kwenye zote hatuna.

Tuanze na kipi? Na mafaili ya ile ofisi bado yamo, tuyafute vipi yasirudishwe?

fundi_gerezani

Mkuu, usianze na Windows wala SSD. Anza kwa kukubali kwamba hazitatoka 38. Monita zenyewe ni 31. Lenga mashine 26 zilizokamilika, zilizobaki ziwe ghala la vipuri. Ukigawa zote zikiwa nusunusu, simu yako haitalala.

Zile mbili za Marekani ziweke kando kabla kijana yeyote hajazichomeka. Soma kibandiko cha pawasaplai (kasha la umeme). Kikisema 100-240V, badilisha waya tu. Kama nyuma kuna kiswichi chekundu cha 115/230, kisukume kisomeke 230. Kikibaki kwenye 115 na umeme wetu ni volti 230, utasikia mlio mmoja tu na moshi, kapasita za mwanzo zimekwenda. Kinyume chake hakina madhara, mashine itagoma kuwaka basi.

Usafi fanyia nje. Unapopuliza na blowa, zuia mapanga ya feni kwa kidole. Blowa huizungusha kwa kasi ambayo haikuundiwa, beringi zinaliwa, halafu feni inaanza kulia wiki mbili baada ya kukabidhi. Bodi usiioshe kwa petroli wala thina, hata kama umeona wengine wakifanya. Tumia spiriti ya isopropili ya asilimia 99 na brashi laini. Spiriti ya kidonda ina maji mengi. Kama ndiyo uliyonayo, iache bodi ikauke kutwa nzima. Tafuta kinyesi cha mende chini ya RAM na pembeni ya soketi za SATA, zile za waya wa diski. Kinanyonya unyevu, na kwa hewa yetu ya pwani ule uchafu unaanza kupitisha umeme mahali pasipotakiwa.

Pesti inayopitisha joto juu ya prosesa kwa umri huu imeshakuwa chaki. Washa mashine dakika tano ipate joto, zima, chomoa waya, legeza skrubu, kisha nyonganyonga kile chuma cha kupozea kushoto na kulia ndipo ukiinue. Futa pande zote mbili, weka tone jipya la ukubwa wa punje ya mchele, kaza skrubu kwa mshazari, kidogo kidogo.

RAM: sugua meno yake kwa kifutio cha penseli, kisha pangusa kwa spiriti. Mashine nyingi "zilizokufa" hufufuka hapo. Zile zitakazogeuka vipuri, hamishia fimbo zake kwenye nzima, utapata kama mashine kumi zenye GB 8 bila kutoa senti. Ukilazimika kununua Kariakoo, taja kila kitu: DDR3 ya deskitopu, PC3-12800, isiyo ya AMD. Kuna fimbo za bei chee zinazokubali bodi za AMD peke yake. Kwenye hizo Dell za Intel mashine haitawaka. Ukiona R baada ya namba, yaani PC3-12800R, hiyo ni ya seva, rudisha.

Pawasaplai usizitegemee kusaidiana. Ya 7010 ina plagi ya pini 24, ya 3020 ina ya pini 8 ya Dell wenyewe.

Halafu jaribio, na hapa usione huruma. Memtest86+, programu ya kupima RAM, usiku mzima. Kosa moja likitokea, fimbo hiyo haigawiwi. Asubuhi yake, stress-ng, programu ya kuibebesha prosesa mzigo, dakika 30 huku unasoma joto. Ikivuka nyuzi 85 ndani ya chumba cha kawaida, rudia pesti au badilisha feni. Darasa lenye watoto 45 na bati juu litakuwa na joto kuliko hapo ulipo.

mwana_ilala

Naongezea upande wa diski. "Format" ya haraka haifuti kitu, inaondoa orodha tu, na kijana mwenye programu ya bure anarudisha mishahara ya ofisi nzima. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kwa hiyo hili si suala la adabu peke yake.

Kabla ya kufuta, pima afya ya diski kwa amri ya Linux: smartctl -a. Angalia mistari miwili, Reallocated Sector Count (sehemu mbovu zilizobadilishwa) na Current Pending Sector (sehemu zinazoshukiwa). Zote zikiwa sifuri, endelea. Pending ikiwa na namba yoyote, usiipe shule, maana itaanza kuganda ganda na watasema kompyuta ina virusi.

Nzima zifute kwa nwipe, programu ya kufuta diski nzima, ukiwa umewasha kwa flashi. Mzunguko mmoja wa sifuri unatosha kwa diski za kawaida za kuzunguka, hizo hadithi za mizunguko 35 ni za diski za zamani mno. Diski ya GB 500 ikiandika kama MB 100 kwa sekunde inamaliza kwa saa moja na nusu hivi. Tenga mashine moja yenye soketi nne za SATA iwe ya kazi hiyo tu, isiwe na diski yake yenyewe, usije ukafuta isiyohusika. Andika namba tambulishi (serial number) ya kila diski, tarehe, na aliyefuta, kisha nakala mpe ile ofisi.

Ukikuta SSD, nwipe haikufai, kwa sababu SSD huficha sehemu ambazo programu haizifikii. Tumia amri yake ya kujifuta, Secure Erase, kupitia programu ya hdparm. Ikijibu "frozen" (imefungwa), ilaze mashine usingizi kisha iamshe, itafunguka.

Zilizofeli toboa kwa drili matundu matatu kupita kwenye sahani. Za inchi 3.5 kwa kawaida ni alumini. Za laptopu mara nyingi ni kioo, zinapasuka, vaa miwani.

mtoni_kijichi

Asanteni sana wakuu. Tumefungua 12 leo. Tatu zina nywila ya BIOS (mpangilio wa ndani unaowasha mashine) na ile ofisi haikumbuki. Jingine: walimu wanataka Word na Excel, vijana wetu wanasema tupige Windows 11 "kwa njia". Mnaonaje?

bi_kebo

Nywila ya BIOS kwenye OptiPlex si tatizo. Chomoa waya wa umeme, fungua, tafuta kijampa (kiplastiki kinachounganisha pini mbili) kwenye bodi pameandikwa PSWD. Kiondoe, washa mashine mpaka ifike mwisho, zima, kirudishe. Kwa laptopu usijaribu hivyo, na laptopu yenye kufuli la kampuni mrudishie aliyetoa aifungue mwenyewe.

Windows: msaada wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) na prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8. Hizo zako ni kizazi cha 3 na cha 4. Kwa njia ya panya inaingia, ndiyo, lakini Microsoft hawaahidi masasisho kwa mashine ya namna hiyo, na siku ikigoma shuleni hakuna wa kuifungua. Ukichanganya na kile kiaktiveta cha mtaani, yaani programu ya kuifungua Windows bila leseni, umeshawapa virusi siku ya kwanza.

Weka Linux Mint 22, mfumo wa bure badala ya Windows, toleo jepesi la Xfce. Inasaidiwa hadi 2029. Kwa GB 4 inatembea, kwa GB 8 na SSD utaisahau. SSD chache mtakazomudu ziweke kwenye mashine za walimu na za kile kituo. Mtambo wa SSD hauna kinachozunguka, kwa hiyo hata ukikosa bano la inchi 2.5, gundi ya pande mbili inaishika vizuri. Ila zijaribu kwa programu ya f3 kabla hujatoka mbali na duka, kwa sababu zipo zinazojiita GB 240 na ndani ni 32.

Andaa mashine moja kikamilifu, kisha nakili diski yake kwenye zingine kwa programu ya Clonezilla. Kabla ya kuchukua nakala, futa yaliyomo kwenye /etc/machine-id. Usipofanya hivyo mashine zote zina kitambulisho kimoja na mtandao unaweza kuzichanganya. Jina la kila mashine badilisha pia.

kaka_wa_exeli

Dada bi_kebo, nakubali karibu yote, ila mwanafunzi akitoka hapo anaenda kukutana na Microsoft ofisini. LibreOffice inayokuja na Mint badala ya Word na Excel si kitu kilekile.

bi_kebo

Kaka, si kitu kilekile, kweli. Lakini SUM, IF na VLOOKUP zinaandikwa vilevile, na mwanafunzi anayeanza anajifunza seli ni nini kwanza. Kinachowaudhi walimu hasa ni faili kukataa kufunguka kwingine. Hilo linatibika: Tools, Options, Load/Save, General, weka ihifadhi .docx na .xlsx moja kwa moja. Fanya hivyo kwenye mashine mama kabla ya kunakili. Pamoja na hilo sakinisha fonti za Carlito na Caladea, zina upana sawa na Calibri na Cambria, barua haitavunjika kurasa.

Kwa kile kituo nitakuwa na maneno zaidi. Kama kuna wasioona, chagua Mint toleo la Cinnamon na uwashe Orca, inasoma skrini kwa sauti. Sauti ya eSpeak NG ina Kiswahili. Ni ya kiroboti lakini inaeleweka, punguza mwendo wake. Hapo headifoni ni lazima, la sivyo mashine tano zinaongea kwa pamoja. Kwa mtoto anayetumia mkono mmoja washa Sticky Keys, abonyeze Shift kwanza kisha herufi, bila kushikilia vyote. Na zima kurudiarudia kwa herufi kwa anayetetemeka. Kibodi usigawe yoyote bila kubonyeza kila kitufe. Chenye ugumu kwetu ni kero, kwa mtoto huyo ni ukuta.

waya_wa_tatu

Hakuna aliyegusa umeme wa shule, na ndipo nyingi zinapofia.

Kila deskitopu na monita yake piga wati 85 kwa kukadiria juu. Ishirini ni wati 1,700. Kwa saa tatu ni uniti 5.1 za LUKU kwa siku, mwambie mkuu wa shule mapema ili asije akafunga chumba mwezi wa pili. Soketi moja ya ampea 13 kwa hesabu inabeba kama wati 2,990, lakini zile ekstensheni nyembamba za kuunganishwa moja juu ya nyingine hazifiki huko, zinayeyuka. Gawanya kwenye soketi tatu au nne za ukutani, na fundi apime ethi (waya wa ardhini) kwanza. Ukigusa kasha la chuma likakuchonyota, ethi haipo.

Ndani ya BIOS kuna kitu kinaitwa AC Recovery. Kiweke Power Off. Kikiwa Power On au Last State, umeme ukikatika na kurudi mashine zote ishirini zinawaka kwa sekunde moja, na mara nyingi umeme unaporudi huwa haujatulia. Bora zikae zimezima mpaka mtu azibonyeze.

 

Kila shule iachie vipuri: RAM mbili, pawasaplai moja ya aina yake, mausi matatu. Mabaki yasipelekwe Pugu Kinyamwezi wala kuachwa kwa wanaochoma nyaya watoe shaba. Tafuta mkusanyaji wa taka za kielektroniki mwenye kibali cha mamlaka ya mazingira. Monita za kichogo, kama zimo, zina madini ya risasi ndani ya kioo, usizivunje.

mtoni_kijichi

Tumeelewa. La mwisho: mashine nne ni nzima kabisa, ila tukifungua tovuti yoyote zinaandika kwamba muunganisho si salama. Intaneti ni ileile ya zingine. Tuzihesabu vipuri?

fundi_gerezani

Hapana mkuu. Tazama tarehe pembeni ya skrini. Itakuwa inasoma 2012 au 2013. Betri ya bodi imekufa, saa imerudi nyuma, na vyeti vya tovuti vinaonekana bado havijaanza kutumika. Ni CR2032. Pima kwa tasta: mpya inasoma volti 3 au zaidi kidogo, chini ya 2.8 tupa. Badilisha kwenye zote 26 siku moja, usisubiri zife moja moja. Ukishaweka, ingia BIOS urekebishe saa, na ile AC Recovery pamoja na mpangilio wa kuwaka kwa diski kwanza, maana hivyo navyo vinaweza kuwa vimerudi vya kiwandani.