Bisibisi za nyota zinakula skrubu, ninunue zipi?

Fundi makabati, Mbagala: Wakuu, naombeni ushauri. Kazi yangu kufunga makabati ya jikoni. Mwezi huu nimeua bisibisi tatu za buku mbili mbili. Jana Tabata skrubu ya bawaba ya mwisho imelika kichwa, mwenye nyumba kasimama pembeni. Iliniuma sana. Nataka za kudumu.

Fundi umeme, Ilala: Pole mkuu. Kwanza mulika kichwa cha skrubu. Katikati ya mikono minne ya nyota kuna vimstari vinne vyembamba? Hiyo ni PZ (Pozidriv), siyo PH (Phillips, nyota ya kawaida isiyo na vimstari). Bawaba nyingi za kabati ni PZ2, hiyo 2 ni saizi ya ncha. Ukiingiza PH2 inacheza, inapanda juu, inakwangua. Zinafanana mno, mimi nilikuja kugundua baada ya miaka. Ukienda Gerezani weka skrubu yako mfukoni. Ichomeke kwenye ncha pale pale dukani, ulaze bisibisi. Ikitulia bila kuchezacheza, lipia.

Mama Fundi: Biti za drili tafuta zilizoandikwa S2, yaani aina ya chuma kigumu. Seti ya vipande mia achana nayo, utatumia vitano tu. Bora PZ2 kumi. Na ukifanya kazi ya umeme, mpini uwe na alama ya 1000 V, plastiki tupu siyo kinga.

Fundi makabati, Mbagala: Nimemulika kwa simu sasa hivi. Vimstari vipo! Asanteni sana wakuu. Kesho asubuhi niko Gerezani, skrubu mbili mfukoni.