Fuso yangu nataka ikorome, nitoe sailensa?

Mzee wa Igoma: Wakuu habari, nina Fuso ya injini 6D16 isiyo na tabo (turbo, ile feni inayozungushwa na moshi), nabeba dagaa toka Mwaloni Kirumba kwenda Shinyanga, nataka ule mlio mzito, sasa fundi hapa Nyakato anasema anatoa sailensa anachomelea bomba tupu mpaka nyuma, haitakula mafuta?

Dereva Mstaafu: Mafuta hayaongezeki, utakaoongeza ni mguu wako maana kila saa utataka kuusikia 😂 Ila bomba tupu bila tabo ni kelele tu mkuu. Nilifanya, utingo yuko pembeni yangu namwita hasikii, siku ya tatu nikarudisha.

Spana 17: Hao wenye mlio mtamu wengi wana tabo, ile feni inapunguza makelele kabla moshi haujatoka. Wewe tafuta sailensa ya kupita wazi, ndani ina bomba la matundu limezungushiwa pamba ya kioo, bomba weka inchi 4. Na asiguse ile valvu ya egzosi breki, inayobana moshi gari lipunguze mwendo!! akiikata utaikumbuka uko mteremkoni na mzigo.

Mzee wa Igoma: Duh, na ndo alikuwa anaanzia kukata hapohapo. Kesho namfuata mapema kabla hajawasha mashine.